Rameni ya kuku: shio, shoyu au paitani?

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea Tokyo kutoka Tanga, siku tatu za mwanzo alikula kwa heshima kila alichowekewa. Siku ya nne akaniambia, "Mwanangu, leo nipeleke penye supu. Supu ya kuku, ya moto, ninywe mpaka jasho linitoke." Nikampeleka kwenye mgahawa mdogo wa rameni ya kuku, yaani tambi za Kijapani ndani ya supu, karibu na ninapoishi. Una viti tisa na kaunta moja ya mbao, na mlangoni kuna mashine ya tikiti yenye vitufe zaidi ya thelathini. Nyuma yetu walikuwa wamepanga foleni watu wanne, kimya. Shangazi akazitazama zile picha, akaniuliza, "Zote hizi kuku? Sasa tofauti yake nini?"

Sikuwa na jibu la haraka. Nikabonyeza ninachopenda mimi, naye akala ninachopenda mimi, na nusu ya bakuli ikabaki. Tangu siku hiyo nimepokea wageni wengi, wakiwemo wanafunzi, jamaa waliokuja kununua magari Yokohama, na shemeji aliyepita siku mbili akielekea Osaka. Wote hukwama palepale, mbele ya mashine. Nimeandika haya kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, aliyekwisha kuamua kula rameni ya kuku lakini hajui achukue bakuli lipi.

Mabakuli utakayokutana nayo zaidi ni matatu: shio, shoyu na paitani. Kinachowachanganya watu ni kwamba majina haya hayataji kitu kimoja. Rameni yoyote ina vitu vitano: supu, tare, mafuta ya harufu, tambi, na vile vinavyowekwa juu. Tare ni kiungo kikali cha chumvi kinachotangulia kutiwa bakulini kabla ya supu. Kama umewahi kula Indomie nyumbani, fikiria kile kipakiti cha viungo, ila hiki kimepikwa na mpishi kwa mkono wake. Basi shio na shoyu ni majina ya tare, lakini paitani ni jina la supu. Ukiona mgahawa wa kuku umeandika "shio" peke yake, mara nyingi supu yake ni ile nyepesi inayoonyesha chini. Ukiona "paitani", supu ni nzito na nyeupe, na ndani yake huenda kuna tare ya shio au ya shoyu vilevile.

Vigezo vyangu ni vile ambavyo wageni wangu huniuliza. Supu ni nzito kiasi gani? Chumvi na harufu yake ikoje? Tambi ni za namna gani? Juu huwekwa nini? Kuna nguruwe au pombe humo ndani? Na mwisho, itanigharimu kiasi gani, na nitakaa muda gani?

Supu yenyewe

Shio na shoyu husimama juu ya supu ya aina moja, ambayo Wajapani huiita chintani, yaani supu safi isiyo na ukungu. Mifupa ya kuku, shingo na migongo, pengine na kuku mzima, huwekwa majini na kupashwa taratibu. Mpishi haruhusu sufuria ichemke kwa nguvu. Huiweka kwenye nyuzi 90 na ushei, kiputo kimoja kimoja kikipanda, huku anaopoa povu kwa upawa. Hukaa hivyo kwa saa kadhaa. Moto ukimponyoka, mafuta yanavurugika na supu inaingia ukungu. Ukiletewa bakuli lililofaulu utaona rangi ya chai nyepesi, macho madogo ya mafuta yanaogelea juu, na tambi zimelala chini zinaonekana zote. Aliyelelewa kwa supu ya kuku wa kienyeji asubuhi, na chapati na kipande cha ndimu, hahitaji kufundishwa. Atainusa na kuijua.

Paitani ni kinyume chake. Mifupa, mabawa, na hasa miguu ya kuku huchemshwa kwa moto mkali saa nyingi bila huruma. Kolajeni, yaani protini iliyo kwenye ngozi, kano na miguu, huyeyuka na kuwa gelatini, ule ute unaonata, na ule mchemko huyapasua mafuta kuwa matone madogo mno. Gelatini huyashika matone hayo yasielee tena juu, na mwanga ukiyapiga hutawanyika, ndiyo maana supu inakuwa nyeupe. Hakuna maziwa humo. Shangazi alipoliona bakuli alisema moja kwa moja, "Mbona wametia maziwa?"

"Hawajatia, shangazi. Onja, hiyo ni kama kongoro, ila ya kuku."

Akanywa kijiko kimoja, akagusisha midomo yake, ikanata. Akatabasamu. "Kweli. Kongoro." Nusu yake, kama nilivyosema, aliiacha, ilikuwa saa mbili usiku na tumbo lake halikutaka uzito huo. Siku mbili baadaye nilimpeleka kunywa shio, akalinywa bakuli hadi likaonyesha chini. Shemeji naye alikuwa kinyume kabisa. Alipoonja shio yangu alisema ni maji yaliyopitiwa na kuku, akamaliza paitani yake na kuongeza tambi. Wote wawili wana haki. Aliyezoea mchuzi mzito na aliyezoea supu ya kunywa wanatafuta vitu viwili tofauti katika kuku mmoja.

Kila moja ina hatari yake. Supu safi haina pa kujificha, kwani mpishi akibana mifupa utapata maji ya chumvi yenye harufu ya vitunguu. Paitani mbovu nayo hunuka mifupa, na ikianza kupoa hufanya utando juu. Isitoshe, paitani zenyewe zimeachana sana. Migahawa ya Tenkaippin ya Kyoto, iliyoanza mwaka 1971 kama kibanda cha kusukuma, inajulikana kwa supu ya kuku na mboga nzito kiasi kwamba inagandamana na tambi unapozivuta. Mgahawa wa Kagari wa Ginza, hapa Tokyo, unatoa paitani laini kama krimu, juu yake vipande vyembamba vya kidari na mboga za msimu. Anayesema hapendi paitani huenda ameonja upande mmoja tu.

Chumvi na harufu

Shio maana yake ni chumvi, na jina hilo limewatisha wengi bure, maana bakuli la shio si lazima liwe na chumvi kuliko mengine. Tare yake hutengenezwa kwa chumvi pamoja na mwani mkavu, samaki wakavu au chaza, na kazi yake ni kumwacha kuku asikike. Ndiyo bakuli linalokubali ndimu. Mgahawa wa Afuri, uliofunguliwa mtaa wa Ebisu hapa Tokyo mwaka 2003, ulijipatia jina kwa shio yenye yuzu, tunda la jamii ya ndimu ambalo harufu yake iko katikati ya ndimu na chenza. Mtu wa pwani akilipata bakuli hilo anajihisi yuko nyumbani kabla hajakaa vizuri.

Shoyu ni sosi ya soya. Supu ni ile ile safi, lakini rangi inakuwa ya kahawia na harufu inakuwa ya kitu kilichochachuka vizuri, kama mtu aliyetia ukwaju kidogo na sukari guru kwa mbali. Ndiyo ladha ya zamani ya Tokyo. Mwaka 1910 Mjapani Ozaki Kan'ichi alifungua mgahawa wa Rairaiken mtaa wa Asakusa, akaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama, na tambi zake za supu ya soya ndizo zilizofungua njia kwa rameni ya mji huu. Usidhani kwa kuwa ni ya zamani basi imepitwa. Mgahawa wa kwanza wa rameni duniani kupewa nyota ya Michelin, heshima ya kitabu maarufu kinachopima migahawa, mwaka 2015, ulikuwa Tsuta, uliokuwa mtaa wa Sugamo wakati huo, na sifa yake ilikuwa shoyu ya supu safi.

Paitani huficha chumvi yake nyuma ya mafuta. Ulimi unaona ulaini, hauoni chumvi, nawe unaendelea kunywa. Kwa hiyo mwenye presha asiliamini bakuli lolote kati ya haya kwa kulionja tu. Bakuli la rameni likinywewa hadi chini mara nyingi hubeba gramu 5 au 6 za chumvi, na pengine zaidi, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima. Dawa ni rahisi: kula tambi na nyama, supu kunywa vijiko vichache, nyingine iache. Kuacha supu si utovu wa adabu. Wajapani wengi huacha.

Tambi

Hapa nina jambo ambalo huwafurahisha wageni kuliko yote. Tambi za rameni ni unga wa ngano, maji, chumvi, na kitu kinachoitwa kansui. Kansui ni mchanganyiko wa kaboneti ya sodiamu na ya potasiamu, kwa maneno mengine ni ndugu yake magadi. Ile magadi ambayo bibi zetu hutia kwenye maharage au makande yaive upesi, ndiyo jamii ya kitu kinachozipa tambi hizi rangi ya manjano na ule mvuto wa mpira. Hakuna yai ndani yake mara nyingi, ingawa rangi inakudanganya. Ukinusa vizuri tambi zinapotoka majini, ile harufu unaijua.

Kwenye shio na paitani utakuta zaidi tambi nyembamba zilizonyooka, na kwenye shoyu ya mtindo wa zamani tambi za kujikunja zenye unene wa kati. Nyembamba huiva dakika moja hivi na hulegea upesi, kwa hiyo bakuli likifika, piga picha moja na uanze. Mwenye njaa kubwa na aliyechukua paitani anaweza kuongezewa tambi katika supu ile ile, wanaita kaedama. Paitani huvumilia nyongeza hiyo kwa sababu ni nzito. Supu safi huwa nyepesi zaidi ukiiongezea tambi zenye maji, kwa hiyo kwenye shio na shoyu ni afadhali uagize bakuli kubwa tangu mwanzo.

Na ile sauti? Kwetu mtu akivuta chakula kwa sauti hukatazwa tangu akiwa mtoto. Hapa kuvuta tambi kwa sauti hupoza tambi na kupandisha harufu puani, wala hakuna atakayekugeukia. Usipoweza, kula kimya. Hakuna atakayekugeukia vilevile.

Nyama na yai

Juu ya supu huwekwa nyama, vichipukizi vya mianzi, vitunguu majani, kipande cha mwani, na yai lililolowekwa kwenye soya, kiini chake bado kinanata kama asali. Yai mara nyingi ni la kulipia pembeni, na mimi sijutii kulilipia.

Nyama ndiyo inayotofautisha. Shio na shoyu huja mara nyingi na nyama ya nguruwe, hata kama supu ni ya kuku. Migahawa mingi ya paitani huweka kuku, kidari kilichopikwa polepole kwa joto la chini, kikakatwa vipande vyembamba. Tatizo la kidari hiki ni rangi: kinakuja na waridi. Shangazi alikisukuma pembeni kwa kijiti. "Kuku huyu mbichi, mwanangu." Kikipikwa ipasavyo si kibichi, kwani joto la chini kwa muda mrefu huivisha nyama bila kuikausha, na waridi hubaki. Lakini sikumlazimisha, na wewe usimlazimishe mtu. Kuku asiyeiva kweli huleta vidudu vya tumbo, na kwa macho huwezi kujua mpishi alifuata kipimo au hakufuata. Mjamzito, mzee na mtoto mdogo wasijaribu bahati. Wawekewe mboga zaidi badala ya nyama hiyo.

Migahawa mingine hujivunia kuku wao kwa jina. Jidori ni kuku wa asili wa Kijapani au mchanganyiko wake, na kwa viwango vya Japani lazima awe na angalau nusu ya damu ya asili na afugwe siku zisizopungua 75. Nagoya Cochin ni mmoja wao, Hinai wa Akita ni mwingine. Ukiona jina la kuku limeandikwa kwenye orodha, chukua shio. Fedha ya kuku wa kienyeji huonekana kwenye supu safi. Kwenye paitani ni vigumu zaidi kumtambua.

Nguruwe na pombe

Kwa Mwislamu kigezo hiki hutangulia vyote, na kwa wengine wengi nguruwe haiingii mdomoni kwa sababu zao. Naomba nilieleze hili taratibu, kwa sababu neno "kuku" kwenye kibao limewapotosha watu wema.

Nguruwe anaweza kuingia bakulini kwa njia nne. Ya kwanza ni vile vipande vya nyama juu, ambavyo unaviona. Ya pili ni supu, kwani wapo wanaochanganya mifupa ya kuku na ya nguruwe. Ya tatu ni mafuta ya harufu: wengi hutumia mafuta ya kuku, wengine ya nguruwe. Ya nne ndiyo isiyoonekana kabisa, nayo ni tare. Katika migahawa mingi tare ya shoyu ni ile sosi iliyopikiwa nyama ya nguruwe, ikabeba ladha yake. Kwa hiyo kati ya mabakuli matatu, shoyu ndiyo ninayoitilia shaka zaidi. Shio ina njia chache, ila vipande vya juu karibu kila mara vipo. Paitani ya mgahawa unaouza kuku tu ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa haina nguruwe, lakini huo ni uwezekano, si uhakika.

Mwaka wangu wa kwanza hapa niliomba kwa mhudumu bakuli "lisilo na nguruwe". Akaitikia kwa adabu, akaleta bakuli bila vipande vya nyama. Nimekaribia kumaliza ndipo nikaona juu ya kaunta kopo la mafuta waliyokuwa wakichota, na picha ya nguruwe juu yake. Hakunidanganya. Nilimuuliza swali dogo, akanijibu swali hilo dogo. Tangu hapo nauliza vinne kwa majina: nyama, supu, mafuta, tare.

Jifunze herufi mbili kabla ya kupanda ndege: 豚 ni nguruwe, 鶏 ni kuku. Zitakusaidia kwenye mashine kuliko programu ya kutafsiri iliyogoma.

Hata nguruwe akikosekana kabisa, bado si halali kwa maana ya dini. Kuku hakuchinjwa kwa utaratibu wake, na tare za aina zote tatu hutiwa mara nyingi sake au mirini, ambavyo ni vileo vya mchele. Anayetaka halali aende kwenye mgahawa wa halali, na Tokyo ipo, mingi imejengwa juu ya supu ya kuku kwa sababu hiyo hiyo. Naritaya ya Asakusa, karibu na hekalu la Sensoji, ni mmoja unaojulikana sana kwa wageni Waislamu. Huko uchaguzi wako unapungua na moyo unatulia.

Bei na ukaaji

Hapa mabakuli hayaachani sana. Tokyo rameni nyingi ni kati ya yeni 900 na 1,300, na Wajapani wenyewe huzungumzia "ukuta wa yeni 1,000", kiwango ambacho wateja kwa miaka mingi hawakutaka kukivuka. Paitani hupanda kidogo kwa sababu ya gesi na mifupa mingi, na shio ya kuku wa jina hupanda kwa sababu ya kuku. Hakuna bakshishi. Ukimwachia mhudumu fedha mezani atakukimbiza barabarani akurudishie.

Beba noti za yeni 1,000 na sarafu, maana mashine nyingi hazipokei kadi. Noti mpya zilipotolewa Julai 2024, mashine nyingi za zamani zilizikataa, na baadhi bado hazijabadilishwa.

Kuhusu ukaaji, usipange kikao. Unaingia, unampa mhudumu tikiti, unajimiminia maji, unakula, unarudisha bakuli juu ya kaunta, unasema "gochisosama", yaani asante kwa chakula, na kutoka. Dakika ishirini zinatosha, hasa kama nje kuna foleni. Shangazi aliwaamkia watu wote alipoingia, nao wakainamisha vichwa, mmoja hata akamsogezea kiti. Kwa hiyo salamu haikatazwi. Ila maongezi ya nyumbani yahifadhi kwa chai baadaye.

Kuna bakuli la nne nitaligusa kidogo tu: tsukemeni, ambapo tambi huletwa peke yake, nene na zimepozwa, na supu nzito pembeni ya kuchovya. Kazuo Yamagishi ndiye aliyeliuza kwanza Tokyo, mwaka 1955, na siku hizi yapo ya paitani ya kuku. Tambi nene huchukua dakika 7 hadi 10 kuiva, kwa hiyo mwenye haraka aliache. Wakati wa joto kali la Agosti, hakuna ninachokipenda kulishinda.

Basi uchukue lipi?

Umeshuka kwenye ndege leo, tumbo limevurugika na usingizi haujulikani uko wapi: shio. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa mafua na kwa mzee. Kama wana yuzu, ongeza yuzu.

Ni mara yako ya kwanza na pengine ya mwisho, nawe unataka kujua Tokyo yenyewe inaonjaje, na nguruwe si tatizo kwako: shoyu, kwenye mgahawa wa zamani wenye tambi za kujikunja.

Umetembea siku nzima kwenye baridi ya Januari, njaa inauma, na nyumbani wewe ni mtu wa makongoro: paitani, na ubakize nafasi ya kuongeza tambi. Mchana ni bora kuliko usiku.

Huli nguruwe lakini hushiki masharti ya kuchinja: paitani ya mgahawa wa kuku pekee, baada ya kuuliza vile vinne. Unataka halali: mgahawa wa halali, na humo chagua kwa tumbo lako.

Una presha: lolote, supu uiache.

Uko na mtoto: shio, omba kibakuli kidogo cha pembeni, nenda kabla ya saa sita mchana foleni haijaanza, na uulize kama wana viti vya meza, kwa sababu viti vya kaunta ni virefu.

Mko wawili na hamwelewani, kama mimi na shemeji: agizeni shio moja na paitani moja, kila mtu aanze na lake, mbadilishane vijiko vya supu kabla hazijapoa.

Na kama umesimama mbele ya mashine sasa hivi, watu wako nyuma yako na hujui usome wapi, angalia juu kushoto. Migahawa mingi huweka hapo bakuli lake la kujivunia. Tafuta kwanza kama kuna 豚 kwenye kitufe hicho, kisha ubonyeze.